Vuli huamuliwa baharini

(Hotuba mbele ya wavuvi, wakulima wa mwani na walimu wa shule, Pangani, mkoani Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti, mama zangu wa mwani, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: nawasalimu nyote.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mvua. Nitaizungumzia, ila mtanisamehe, muda mwingi nitakuwa nje, baharini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mvua ya leo jioni sina ugomvi nao. Lakini mkulima anayeuliza mwezi wa nane kama vuli itakuwa nzuri hana wingu la kutazama. Dalili yake ipo, nayo iko kwenye maji: maji ya hapa kwetu na maji ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, zaidi ya kilomita 6,000 mashariki. Jioni hii nina neno moja. Tumezoea kila mvua kubwa kuipa jina la El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, na kumbe bahari yenye sauti kubwa zaidi katika vuli yetu ni hii hii tunayoisikia ikipiga hapo nje.

Tuanze na joto. Saa saba mchana mchanga wa ufukweni haukanyagiki peku, lakini ukiingia majini hatua kumi tu mbele, maji ni karibu yaleyale ya asubuhi. Jua ni moja. Tofauti ni kwamba maji humeza joto jingi bila kupanda nyuzi upesi, na yakishalimeza hayaliachii upesi. Mita 3 hivi za juu za bahari zote za dunia zina uwezo wa kubeba joto sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 3 tu, na bahari hii ina kina cha maelfu ya mita. Ndiyo maana hewa husahau baada ya siku chache, na bahari hukumbuka kwa miezi. Mtu akikutabiria hali ya hewa ya Jumanne baada ya wiki sita, mshukuru kwa heshima na uende zako. Akikwambia msimu mzima unaelekea wapi, msikilize, kwa sababu huenda amesoma kumbukumbu ya bahari.

Joto hilo hutoka baharini kwa njia kadhaa, na kubwa kuliko zote ni mvuke. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la takriban jouli milioni 2.5. Hulioni wala hulihisi kwenye ngozi. Limejificha ndani ya mvuke wenyewe. Mvuke ukipanda, ukapoa na kuwa matone ya wingu, joto lile huachiwa huko juu. Hewa ya juu hupata moto, huzidi kupanda, na chini yake huvuta hewa nyingine yenye unyevu ije kujaza nafasi. Huo mvuto ndio upepo. Nao upepo ukipita juu ya bahari hauiachi kama ulivyoikuta: huchukua mvuke na kuipoza, huyakoroga maji ya juu na ya chini yakachanganyika, na huyasukuma maji kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Maji yakisukumwa, joto limehama. Joto likihama, mgandamizo wa hewa huhama nalo. Mgandamizo ukihama, upepo hugeuka, na upepo uliogeuka unasukuma maji upya. Nani alianza? Swali hilo halina jibu, na ndilo lililowachelewesha wataalamu kwa miaka mingi, maana waliosomea hewa walikaa chumba chao na waliosomea bahari walikaa chumba chao.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba upepo una majira. Kaskazi hutuletea majahazi, kusi huyarudisha, na anayebishana na ratiba hiyo hulipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule. Alivuka hadi pwani ya Calicut kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi hakuwa na subira. Aling'oa nanga pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijakomaa, akaelea baharini karibu miezi mitatu, watu wake wakifa kwa kiseyeye, hata mabaharia hawakutosha tena na ikabidi jahazi moja alichome moto. Bahari ni ileile, umbali ni uleule. Nahodha yeyote wa Malindi angemwambia asubiri kidogo.

Hiyo kusi hutoka wapi? Katikati ya mwaka, kule kusini karibu na Morisi na Reunion, kuna mgandamizo mkubwa wa hewa, na bara la Asia limepata joto, mgandamizo wake umeshuka. Hewa hutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo. Huja kwetu ikitokea kusini-mashariki, hukutana na ukuta wa nyanda za juu za Kenya na Uhabeshi, hupinda, na kwa sababu dunia inazunguka huelekea kaskazini-mashariki ikiambaa pwani ya Somalia hadi Bahari ya Uarabuni na India. Juu ya pwani, kwenye kimo cha kilomita moja hadi moja na nusu, kuna mkondo wa upepo wenye kasi kubwa ajabu. Mtaalamu aliyeueleza vizuri, John Findlater, aliandika habari zake mwaka 1969, akitumia vipimo vya maputo yaliyorushwa Afrika Mashariki. Maji ya mvua inayonyesha Kerala mwezi Juni sehemu yake imepita juu ya bahari yetu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba mkulima wa mpunga wa India ana deni kwetu, wanacheka, lakini si mzaha mtupu.

Sasa tazameni bahari inavyomjibu huyu kusi. Upepo ukivuma sambamba na pwani ya Somalia na Omani, maji ya juu husukumwa kuelekea bahari kuu, na maji ya kilindini, ya baridi, hupanda kujaza nafasi. Hupanda na rutuba, samaki wakajaa. Lakini maji baridi hutoa mvuke kidogo, na hewa iliyo juu yake haina hamu ya kupanda. Hiyo ni mojawapo ya sababu pwani ya Somalia ni kavu ilhali iko kando ya bahari.

Wenye ndugu Omani wanajua upande wa pili wa jambo hilo. Mwezi wa saba Maskati ni tanuri, nyuzi 40 na zaidi. Nenda Salalah, kusini mwa nchi ileile: ukungu, manyunyu, milima ya kijani, watu wanajifunika. Wao wanaita majira hayo Khareef, na familia kutoka nchi za Ghuba hufunga safari kwenda kuyaona. Upepo unaoleta Khareef ni kusi yetu. Unafika umebeba unyevu wa safari yote, unapita juu ya maji baridi yaliyopanda kando ya Dhofar, mkoa wenye Salalah, unapoa, unakuwa ukungu, kisha unabanwa kwenye milima. Bahari ingekuwa ya moto pale ufukweni, pasingekuwa na Khareef.

Tuje kwenye mvua yetu. Tunaishi karibu na ikweta, kama wenzetu wa Kisangani wenye msitu mnene na mvua karibu mwaka mzima. Mbona sisi, ukitoka Pangani kupanda hadi Garissa, miti inazidi kuwa miiba? Sehemu ya jibu nimeshaitaja: pepo zetu kuu mbili hupita zikiambaa pwani badala ya kuingia bara moja kwa moja, zinatupitia njiani. Mvua yetu kubwa huja zikipishana, pale ukanda wa mvua unapovuka kufuata jua: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Sehemu ya pili ya jibu iko mbali. Kwa kawaida upande wa joto zaidi wa Bahari ya Hindi ni ule wa mashariki, karibu na Indonesia. Kule hewa hupanda, mawingu hurundikana, mvua hunyesha. Hewa iliyopanda kule lazima ishuke mahali fulani, na sehemu yake hushuka juu yetu. Hewa inayoshuka hukandamiza mawingu. Kwa hiyo katika miaka ya kawaida kuna mkono unaotushikilia chini, na tunapata mvua ya wastani kwa sababu mkono huo hauna nguvu sana. Swali la kila vuli ni hilo: mwaka huu mkono utabana, utalegea, au utaondoka kabisa?

Pasifiki ndiyo iliyofundisha dunia habari hizi, na haki yake nitampa, kwa ufupi. Gilbert Walker alikabidhiwa idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904, nchi ikiwa na makovu ya njaa za ukame, akaamriwa atafute namna ya kuutabiri msimu wa mvua. Alikuwa mwanahesabu. Alikusanya vipimo vya mgandamizo wa hewa kutoka pande zote za dunia, akagundua kwamba mgandamizo ukipanda upande mmoja wa Pasifiki na Hindi, upande wa pili hushuka, na kinyume chake. Hakuweza kueleza kwa nini, na wengi hawakumwamini. Aliyeunganisha ni Jacob Bjerknes, mwaka 1969: alionyesha kwamba mchezo wa mgandamizo aliouona Walker na joto la maji liitwalo El Niño ni kitu kimoja, bahari na hewa wakilishana. Tangu hapo El Niño ikawa maarufu. Kwetu ikawa maarufu kupita kiasi baada ya vuli ya 1997, iliyobomoa barabara na madaraja Kenya na Tanzania, ikazamisha mashamba Somalia, na nyuma yake ikaja homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo kuanzia Garissa. Jina la El Niño likabaki midomoni kama jina la mafuriko yenyewe.

Sasa nina maswali matatu kwa anayeamini kwamba El Niño peke yake ndiyo mwenye mvua yetu.

La kwanza, 1961. Wazee waliokuwa watoto wakati huo wanaikumbuka mvua ile, mwaka wa Uhuru. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata, likameza gati na mashamba kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Mwaka 1961 hapakuwa na El Niño.

La pili, 2015. El Niño ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa katika vipimo. Serikali zilitenga fedha, magazeti yalitutisha, watu wakazibua mitaro. Mvua ilikuja, na mahali pengine ilikuwa kubwa, lakini haikufika popote karibu na ile ya 1997.

La tatu, 2019. Pasifiki ilikuwa imetulia. Sisi tuliona nini? Hapa hapa mkoani Tanga, Oktoba, mafuriko ya Handeni na Korogwe yalikata barabara na kuchukua maisha. Novemba milima ya Pokot Magharibi, Kenya, iliporomoka juu ya watu waliolala. Mto Shabelle uliufunika mji wa Beledweyne, Somalia. Kufikia Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limeifikia rekodi yake ya 1964.

Jibu la maswali yote matatu lilipata jina mwaka 1999, wataalamu wa Japani na India, wakiwemo Saji na Yamagata, walipoeleza katika jarida la *Nature* kitu walichokiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Ni hivi. Fikirieni maji ya moto ya juu ya bahari kama shuka moja juu ya watu wawili, mmoja Sumatra, mmoja hapa Pangani. Katika miaka ya kawaida mtu wa Sumatra ana shuka nene zaidi. Lakini kuna miaka, kuanzia mwezi wa sita hivi, upepo kando ya Sumatra na Java huvuma kwa nguvu usivyozoea, ukisukuma maji ya juu kutoka pwani ile. Maji baridi hupanda pale. Maji yakipoa, hewa ya juu yake haipandi tena, mgandamizo huongezeka, na upepo kutoka mashariki kuja magharibi kando ya ikweta huzidi. Upepo ukizidi, shuka inavutwa kwetu zaidi, Sumatra inazidi kupoa, na upepo unazidi tena. Kila mmoja anamchochea mwenzake. Ikifika Oktoba maji ya moto yamerundikana upande wetu, mvuke umejaa, na ule mkono uliokuwa ukitushikilia chini umehamia Indonesia na Australia. Hewa sasa inapanda juu yetu.

Wataalamu huita hali hiyo dipoli chanya, na hupima tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Nyuzi moja au mbili tu, na anayesikia mara ya kwanza hudhani ni utani. Lakini ni nyuzi moja juu ya eneo kubwa kuliko nchi zote za Afrika Mashariki kwa pamoja, kwa miezi minne. Mwaka 1961 dipoli ilikuwa chanya. Mwaka 1997 ilikuwa chanya kwa nguvu, pamoja na El Niño, na ndiyo maana tulipigwa pande mbili. Mwaka 2015 ilikuwepo, ila dhaifu. Mwaka 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa zilizowahi kupimwa. Mwezi uleule watu wa Beledweyne walipokuwa wakihama kwa mitumbwi, Australia ya mashariki ilikuwa kavu inawaka moto. Hayakuwa matukio mawili.

El Niño si mgeni kabisa katika habari hii. Mara nyingi ndiyo inayoisukuma dipoli ianze, kwa kuzivuruga pepo za Indonesia. Lakini inaweza kuwepo isiisukume, na dipoli inaweza kuanza bila yeye.

Na shuka huvutwa pia upande mwingine. Dipoli ikiwa hasi, Sumatra inazidi joto, mkono unatubana zaidi, na vuli inakatika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika Somalia, kusini mwa Uhabeshi na kaskazini mwa Kenya. La Niña, kinyume cha El Niño, maji ya Pasifiki yakiwa baridi kuliko kawaida, ilikuwepo miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2022 dipoli hasi ikaongezwa juu yake. Ng'ombe, mbuzi, hata ngamia, wafugaji waliwaacha barabarani wamekufa. Kwetu Tanzania makali yalikuwa madogo kuliko yale, lakini walioishi Dar es Salaam Oktoba na Novemba 2022 wanakumbuka mto Ruvu ulivyopungua na mgao wa maji ulivyowatesa.

Nimeizungumzia vuli muda wote huu, na mzee mmoja hapa mbele amekunja uso. Nadhani anataka masika, maana ndiyo mvua yetu kubwa. Mzee wangu, masika ni mkaidi. Mwezi Machi bahari yote imepata joto karibu sawasawa, dipoli haipo, na kumbukumbu ya bahari haisemi wazi. Masika huongozwa na mambo ya muda mfupi. Mojawapo ni wimbi kubwa la mawingu linalozaliwa Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki kuzunguka ukanda wa tropiki, likirudi kila baada ya siku 30 hadi 60. Madden na Julian walilieleza mwaka 1971. Likiwa upande wetu, mvua hunyesha wiki nzima, likipita, jua. Jingine ni vimbunga. Machi 2018 vimbunga karibu na Madagaska vilivuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo kuja huku, na Kenya ikapata masika ya mafuriko. Machi 2019 kimbunga Idai kilichoua watu wa Beira kilikaa mahali pengine, na masika ya Kenya ikachelewa. Kimbunga ni kimbunga, lakini mahali kilipo ndipo pa kutazama. Ndiyo maana utabiri wa masika hukosea mara nyingi kuliko wa vuli, na sioni haya kulisema mbele ya wenzangu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa sababu wao wanalijua kuliko mimi.

Kwa kuwa nimevitaja vimbunga. Tumelelewa tukiambiwa ni mambo ya Msumbiji. Kimbunga kinahitaji maji yenye nyuzi 26.5 na zaidi, na si usoni tu, hadi makumi ya mita chini. Maji hayo sisi tunayo: mwezi wa tatu na wa nne bahari yetu hufika nyuzi 28 hadi 30. Tunachokosa ni mzunguko. Nguvu inayotokana na kuzunguka kwa dunia ndiyo inayoupinda upepo mpaka ukawa kimbunga, nayo karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta vimbunga karibu havitokei. Pangani iko nyuzi 5 na nusu hivi. Tuko ukingoni, hatuko ndani ya boma.

Tarehe 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha majahazi na merikebu bandarini, kikang'oa mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Uchumi wa visiwa viwili uligeuzwa kwa usiku na mchana. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia; kilipoteza nguvu kilipogusa nchi kavu, lakini mvua yake ilikata barabara ya Lindi pale Somanga, na magari yakalala huko siku kadhaa. Kila kimoja kilikuja mwishoni mwa masika au katikati yake, bahari ikiwa kwenye joto lake la juu. Mvuvi anayesikia onyo mwezi wa nne asiseme "hivyo havifiki huku."

Na joto hilo linaongezeka. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo gesi za mafuta tunayochoma zimelizuia lisitoke duniani limeingia baharini, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, upande wetu, ni miongoni mwa maeneo ya tropiki yaliyopata joto kwa kasi. Mama zangu wa mwani hawahitaji kifaa kuliona. Cottonii, ile aina ya mwani yenye bei, hunyauka na kuoza maji ya kina kifupi yakizidi moto, na wengi mmebaki na spinosum inayovumilia lakini hailipi. Wanaoweza kuifuata cottonii kwenye maji ya kina ni wale wenye chombo na wanaojua kuogelea, na hilo limewaacha wanawake wengi nje. Matumbawe nayo yaligeuka meupe mwaka 1998, baada ya vuli ile ile ya 1997 niliyoitaja, sehemu nyingi za ukanda huu.

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba unyevu zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo vuli ya dipoli chanya ikija, inakuja na mzigo mkubwa kuliko wa babu zetu. Kuhusu masika kuna kitendawili: vipimo vinaonyesha kwamba imepungua tangu miaka ya 1980, hasa kaskazini mwa Kenya na Somalia, ilhali programu za kompyuta za kutabiri tabianchi zinasema itaongezeka. Mimi mkulima akiniuliza aamini lipi, namwambia apande kwa kufuata vipimo.

Mnaweza kufanya nini na haya yote? Dipoli huanza kuonekana Juni, na kufikia Agosti huwa imejieleza. Mwezi huo ndipo wataalamu wa ukanda mzima hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha ukanda wetu, kisha mamlaka ya kila nchi hutoa utabiri wake wa vuli. Msikilize mambo mawili ndani yake: hali ya Bahari ya Hindi inasemwaje, na asilimia. Wakisema kuna asilimia 60 ya mvua juu ya wastani, maana yake ni kwamba katika vuli kumi za namna hiyo, sita zitakuwa hivyo na nne hapana. Moja ya zile nne ikitokea kwako usiseme wamedanganya. Panda sehemu kubwa ya shamba kwa kuifuata sita, na kipande kidogo, mtama au mhogo, kwa ajili ya nne.

Jambo la mwisho ni la wavuvi. Katikati ya bahari kuna maboya ya vipimo yaliyofungwa nanga, na kuna vielea vinavyozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku 10 kutuma joto la maji kwa satelaiti. Maboya ya Bahari ya Hindi yalianza kufungwa mwaka 2004, na upande uliochelewa zaidi ni huu wetu, sababu mojawapo ikiwa maharamia wa Somalia. Na vielea haviji kwenye maji mafupi mnayovua nyinyi. Kipimajoto cha maji ni kifaa cha bei ndogo. Nahodha akikishusha kila atokapo, mahali palepale, akaandika tarehe na nyuzi kwenye daftari, baada ya vuli kadhaa tutakuwa na kitu ambacho hakipo leo katika chuo chochote: joto la mlango wa Pangani, mwaka wa dipoli na mwaka usio wa dipoli. Nimekuja na vipimajoto vichache kwenye mfuko ule pale mezani. Anayetaka achukue na aandikishe jina la chombo chake kwa mwalimu wa jiografia, naye ataonyesha namna ya kukisoma.

Maswali sasa, na naomba mama wa mwani waanze.